Nafuu Iwafikie Wasio na Hati ya Mshahara
Barua ya wazi kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa ya Bunge la Taifa la Kenya, na kwa Waziri wa Fedha

Waheshimiwa,

Kila Mswada wa Fedha unapofika mbele yenu, Katiba inawataka muwasikilize wananchi kabla ya kuupitisha. Mabenki huwatuma wanasheria, viwanda huwatuma wahasibu, na vyama vya waajiri huleta majedwali yao. Mimi nina duka la rejareja Kisauni, Mombasa, pamoja na daftari la mkopo lililojaa majina ya majirani. Walioandikwa humo hawatakuja kwenye kikao chenu, kwa sababu anayefunga biashara siku moja hulala na njaa siku hiyo hiyo. Ninaandika kwa ajili yao, na ombi letu kuu ni moja: nafuu mnayoitoa kwa familia wakati wa dhiki iandikwe katika sheria, ipande bei zinapopanda, na ilipwe kwa tarehe inayojulikana. Mengi ya haya mnayafanya tayari kwa mwenye hati ya mshahara. Tunaomba myafanye kwa asiye nayo pia.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nitaanza na pale serikali inapofanya vizuri. Mfanyakazi aliyeajiriwa rasmi hupata nafuu ya binafsi ya shilingi 2,400 kila mwezi katika kodi ya mshahara, na kwa sababu hiyo anayelipwa hadi shilingi 24,000 hakatwi kodi hiyo kabisa. Kabla ya Aprili 2020 nafuu hiyo ilikuwa shilingi 1,408. Uzuri wake hauko katika kiwango peke yake. Uko pia katika njia inayopitia. Mhasibu wa kampuni huipiga hesabu, mwezi ukiisha fedha ziko mfukoni, na mfanyakazi hakupanga foleni, hakuonyesha umaskini wake kwa mtu yeyote, wala hakumsihi chifu amwandike jina.

Ziko nafuu nyingine kubwa zaidi kuliko hiyo. Mtu mwenye mkopo wa kununua nyumba anaruhusiwa kupunguza riba anayoilipa kutoka kwenye mapato yanayotozwa kodi, na tangu mwishoni mwa Desemba 2024 kikomo kimepandishwa kutoka shilingi 25,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Kwa anayetozwa asilimia 30, hiyo ni nafuu ya hadi shilingi 9,000 kila mwezi. Mtu mwenye ulemavu aliyeajiriwa na mwenye cheti hasamehewi kidogo: agizo la mwaka 2010 linaondoa kodi katika shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Kwa viwango vya sasa, anayefikia kiwango hicho huokoa zaidi ya shilingi 37,000 kila mwezi.

Sisemi nafuu hizi ziondolewe. Mtu mwenye ulemavu hutumia fedha ambazo mwenzake hazitumii: kiti cha magurudumu, msaidizi, teksi pale ambapo matatu haikubali kusimama. Anastahili. Ninaomba mtazame tu upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo ya serikali.

Upande wa pili ni Inua Jamii. Mpango huu ulianza kidogo kidogo mwaka 2004 kwa kusaidia kaya zinazolea mayatima na watoto walio katika hatari, ukaongezewa wazee, kisha watu wenye ulemavu mkubwa. Mwaka 2018 ulipiga hatua kubwa pale serikali ilipoanza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni nyingine, bila kuwauliza kwanza kama ni maskini kiasi gani. Leo unawafikia watu zaidi ya milioni moja. Ni kazi ya heshima, na walioijenga wanastahili shukrani ya taifa.

Lakini kila mnufaika hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kimesimama pale pale kwa zaidi ya miaka kumi. Mnaoketi katika kamati hii mmeona katika muda huo mishahara ya umma ikipitiwa upya, marupurupu yakipitiwa upya, na ushuru ukipandishwa, ila shilingi 2,000 za bibi wa Kisauni hazikupitiwa. Duka langu halihitaji mtaalamu wa uchumi kulieleza jambo hili. Fedha iliyokuwa ikimtosha mzee kununua unga, mafuta ya kupikia, sukari, majani na sabuni ya mwezi, sasa humalizika kabla hajafika kwenye sabuni.

Na hizo 2,000 hazina siku. Mwaka 2023 wazee walikaa miezi mingi bila kulipwa, kisha malimbikizo yakaja kwa vipande. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa matumbo yaliumia kwa maana yake halisi. Malipo yakichelewa, mzee haachi kula. Huja dukani kukopa, nami nikiishiwa mtaji humpeleka kwa mwenye duka kubwa, naye akikataa, mzee huyo huenda kwa mkopeshaji wa riba ambaye huchukua kitambulisho chake kama dhamana. Fedha zinapoingia, sehemu yake si yake tena. Serikali huandika kwamba imelipa kila kitu, na kweli imelipa, lakini gharama ya kuchelewa imelipwa na mtu wa miaka 76.

Sasa wekeni mambo haya mawili pamoja. Mwenye mkopo wa nyumba anaweza kupata nafuu ya 9,000 kwa mwezi, na haijachelewa hata siku moja, kwa sababu haitoki Hazina: ni kodi ambayo haikukatwa. Mzee wa miaka 70 hupata 2,000, na hungoja. Mwenye ulemavu aliyeajiriwa vizuri anaweza kuokoa 37,000. Kaya inayomlea mtu mwenye ulemavu mkubwa kiasi cha kuhitaji mtu wa kumlisha na kumwogesha saa zote hupewa 2,000, ingawa huyo anayemlea ameacha kazi ili amlee. Zote mbili ni fedha za umma, maana kodi isiyokusanywa ni sawa na fedha iliyotumika. Hazina yenyewe inalikubali hilo, ndiyo sababu tangu mwaka 2021 imekuwa ikichapisha ripoti ya misamaha ya kodi. Ila ya kwanza tunaiita haki ya mlipa kodi, na ya pili tunaiita msaada.

Hapo ndipo penye kosa, Waheshimiwa. Maskini wa nchi hii ni mlipa kodi. Wakenya zaidi ya wanane kati ya kila kumi wanaofanya kazi wako katika jua kali, soko, bodaboda, vibarua na ukulima mdogo. Hawana hati ya mshahara, kwa hiyo ile nafuu ya 2,400 haiwagusi. Lakini kodi inawagusa kila asubuhi.

Niruhusuni nieleze inavyowagusa, kwa sababu nadhani kutoka Nairobi jambo hili halionekani vizuri. Wateja wangu wengi hawanunui chupa ya lita moja ya mafuta ya kupikia. Hununua mafuta ya kupima, ya shilingi ishirini au thelathini, ya kukaangia chakula cha usiku mmoja. Sukari hununua robo. Sabuni ya kufulia hukatiwa kipande. Hufanya hivyo kwa sababu mapato yao ni ya kutwa, na anayepata fedha za leo hawezi kununua vitu vya wiki. Kwa kununua hivyo hulipa bei kubwa zaidi kwa kila lita na kila kilo kuliko anayejaza kigari katika duka kubwa, na ndani ya bei hiyo mna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16. Hakuna mtu duniani anayeijazia Mamlaka ya Mapato (KRA) fomu ili arudishiwe VAT ya mafuta ya shilingi ishirini.

Mafuta ya taa nayo. Tangu Septemba 2018 kila lita ya mafuta ya taa imebeba tozo ya shilingi 18 iliyowekwa kuzuia walaghai wasiyachanganye na dizeli. Sababu ilikuwa ya kweli: mafuta ya taa yalikuwa rahisi, na magari yalikuwa yakiharibiwa injini. Lakini aliyekuwa akichanganya alikuwa mwenye lori la mafuta, na anayelipa adhabu ni mama anayepikia jiko la utambi. Julai 2023 VAT ya petroli na dizeli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na ingawa mama huyo hana gari, nauli ya kwenda soko la Kongowea kuchukua mboga ilipanda, na gharama ya lori lililoleta vitunguu ilipanda, na yote mawili yaliishia kwenye fungu la mchicha.

Kisha kuna bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Fundi wa baiskeli, kwa upande wake, hupigiwa hesabu kwa kuulizwa nyumba yake ina paa gani na choo gani, halafu hutakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mara moja. Hata kwa kiwango cha chini kabisa cha shilingi 300 kwa mwezi, hiyo ni 3,600. Mtu anayenunua sukari robo hawezi kuwa na shilingi 3,600 zimekaa. Baadaye serikali ilianzisha mpango wa kumkopesha ili alipe kidogo kidogo. Nashukuru kwa nia hiyo, lakini kwa nini mwenye mshahara alipe kidogo kidogo kama haki, na asiye na mshahara alipe kidogo kidogo kama deni?

Mtaniambia kwamba serikali huja na nafuu wakati mambo yanapokuwa magumu kupita kiasi. Ni kweli, na ninakumbuka kila mara ilipokuja. Mei 2017 bei ya unga wa sima ilipopanda, serikali ililipa ruzuku pakiti ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90. Uchaguzi ulikuwa Agosti. Julai 2022 ruzuku ilirudi, pakiti ikawa shilingi 100 kwa wiki chache. Uchaguzi ulikuwa Agosti. Septemba, serikali mpya ilipoingia, ruzuku ikafutwa. Waliokuwa na njaa mwezi wa Julai walikuwa na njaa pia mwezi wa Oktoba.

Sikatai hoja ya waliofuta ruzuku ile. Sisi wenye maduka tuliona udhaifu wake kwa macho yetu. Unga wa bei nafuu ulifika kwa kiasi kidogo, rafu zikawa tupu, na aliyefanikiwa kuupata alikuwa aliyekuwa na fedha za kununua pakiti kumi siku lori lilipofika. Anayenunua pakiti moja alipofika, hakukuta kitu. Ruzuku ya namna hiyo hulipwa kwa viwanda, na haichagui nani ale. Lakini ukiondoa chombo kibovu, weka kizuri mahali pake. Hamkuweka.

Corona ilitufundisha vivyo hivyo. Aprili 2020 Bunge lilipunguza kodi kwa haraka ya kusifiwa: VAT ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kikashuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Tazameni ilivyogawanyika. Kwa viwango vya wakati ule, aliyekuwa na mapato ya 24,000 alipata nafuu ya takriban shilingi 1,600 kwa mwezi. Aliyekuwa na mapato ya 500,000 alipata takriban shilingi 26,000. Mama wa mahamri, ambaye ndiye aliyefungiwa barabara kwa kafyu saa ambazo wateja wake hununua, alipata zile asilimia mbili za VAT, endapo mwenye duka alizipunguza kwenye bei. Wengi hawakuzipunguza. Kulikuwa na mpango wa Kazi Mtaani kwa vijana, na kulikuwa na shilingi 1,000 za wiki kwa baadhi ya kaya za mitaa ya mabanda Nairobi, lakini orodha ilitengenezwa katikati ya dhiki, na orodha inayotengenezwa kwa pupa hujaa majina ya wanaofahamiana. Ilipofika Januari 2021, kodi zikarudishwa juu.

Tuna mfano bora kuliko huu, na uko hapa hapa Kenya. Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, kuna mpango wa fedha za kukabili njaa ambao hulipa kaya shilingi 5,400 kila miezi miwili. Kilichonivutia si kiasi hicho. Kaya nyingi zaidi ziliandikwa mapema na kufunguliwa akaunti, hata zile ambazo hazilipwi kila mara. Setilaiti hupima hali ya malisho. Malisho yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kaya za ziada hulipwa kwa dharura, bila kungoja mwanasiasa azuru wala runinga zionyeshe mizoga ya ng'ombe. Kipimo kimesema, fedha zimetoka.

Kwa hiyo serikali inajua. Inajua jinsi ya kuandika watu kabla ya shida, na jinsi ya kufunga malipo kwenye kipimo kinachoonekana na wote. Inajua hata jinsi ya kufuata mfumuko wa bei, maana ilifanya hivyo yenyewe ilipokuwa inakusanya. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilikuwa na kifungu kilichompa Kamishna wa KRA mamlaka ya kupandisha viwango vya ushuru kulingana na mfumuko wa bei. Oktoba 2022 viwango hivyo vilipandishwa kwa asilimia 6.3. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2023 baada ya malalamiko mengi, lakini kwa miaka kadhaa kodi ya soda na maji ya chupa ilipanda pamoja na bei, huku malipo ya yatima yakibaki yalipo. Kilichowezekana kwa ushuru kinawezekana kwa Inua Jamii.

Wenzetu barani wamethubutu kulifanya. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016, kila mkazi wa miaka 70 na zaidi akipata shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi kutoka bajeti ya serikali yenyewe, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Afrika Kusini ilianza kulipa ruzuku ya mtoto mwaka 1998 kwa randi 100. Waziri wa fedha wa huko husimama kila mwaka na kutangaza kiwango kipya, na kufikia mwaka 2024 kilikuwa randi 530. Mzazi wa Soweto huisubiri hotuba ya bajeti ili ajue atapata kiasi gani zaidi. Mzazi wa Kisauni huisubiri ajue ni kitu gani kimepanda.

Najua mtauliza fedha zitatoka wapi, na nchi imelemewa na madeni. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa hesabu. Kuongeza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila wanufaika milioni moja ni shilingi bilioni 12 kwa mwaka. Katika bajeti inayozidi shilingi trilioni 4, hiyo ni chini ya theluthi moja ya asilimia moja. Mnaidhinisha misamaha ya kodi ya mabilioni mengi zaidi kila mwaka, na kwenye ripoti ya Hazina imeorodheshwa. Chukueni orodha hiyo, muulize kila msamaha swali ambalo maskini huulizwa kila siku: unamsaidia nani, na kuna ushahidi gani? Utakaoshindwa kujibu, uondoeni, na fedha zake zipelekwe kwa wazee na watoto.

Wengine husema fedha za bure huzalisha uvivu. Hoja hii huwaumiza watu ambao hawakuwahi kupumzika maishani mwao. Uchunguzi uliofanywa Siaya kuhusu fedha ambazo shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,000 uligundua kwamba manufaa hayakuishia kwa waliopewa. Maduka ya jirani yaliuza zaidi, mafundi wakapata kazi, na kila dola iliyotolewa ikazaa zaidi ya dola mbili katika uchumi wa eneo lile, wala bei hazikupanda ila kidogo mno. Mimi ninaliona hilo bila kusoma utafiti. Wiki ambayo Inua Jamii inalipwa, daftari langu hupungua, mwuza samaki hulipwa deni lake, na mimi huagiza bidhaa kutoka kwa mwenye jumla kwa fedha taslimu. VAT ya bidhaa hizo hurudi kwenu. Shilingi ya mzee haikai. Inatembea mtaa mzima kabla ya kulala.

Hivyo basi, Waheshimiwa, tunayoomba ni haya matano, nayo yanaweza kuingia katika Mswada wa Fedha na bajeti inayofuata.

Kwanza, pandisheni malipo ya Inua Jamii kutoka 2,000 hadi angalau 3,000 kwa mwezi, na muandike katika sheria kwamba kiwango kitarekebishwa kila Julai kwa kufuata takwimu za bei za Shirika la Taifa la Takwimu. Kusiwe na haja ya waziri mwenye huruma wala mwaka wa uchaguzi.

Pili, wekeni tarehe. Malipo yaingie siku moja inayojulikana kila mwezi, na Inua Jamii iwe miongoni mwa malipo ya kwanza kutolewa na Hazina. Serikali ikichelewa, iongeze fidia, kama vile KRA inavyomtoza riba mlipa kodi anayechelewa. Na anayefikisha miaka 70 aandikwe mwezi ule ule. Kwa miaka mingi waliofikisha umri huo baada ya uandikishaji wa mwanzo walibaki nje, wakiwatazama wenzao waliowazidi mwaka mmoja wakilipwa. Serikali inayo tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu katika kitambulisho chake. Haihitaji kungoja zoezi la kuandikisha.

Tatu, mtambueni mtoto. Kodi yetu ya mshahara humpa kijana asiye na mtegemezi nafuu ile ile ya 2,400 inayompa mjane mwenye watoto watano. Na kwa wasio na mshahara, nchi ilishajaribu malipo ya kila mtoto mdogo katika kaunti za Kisumu, Embu na Kajiado. Jaribio hilo lisiishie kwenye kabati. Anzeni na watoto walio chini ya miaka mitatu, umri ambao utapiamlo ukimpata mtoto, madhara yake hayafutiki, na mwongeze umri kadiri uwezo unavyoruhusu.

Nne, ondoeni kodi kwenye chakula cha kawaida kwa namna ambayo mnunuzi ataiona. Mnajua kuna tofauti kati ya bidhaa inayotozwa VAT ya asilimia sifuri na bidhaa iliyosamehewa. Iliyotozwa sifuri, mwenye kiwanda hurudishiwa VAT aliyoilipa kwenye umeme, karatasi na usafiri. Iliyosamehewa tu, harudishiwi, basi huitia kwenye bei na mteja huilipa bila kuiona. Mkate wa kawaida, unga na maziwa viwe kwenye sifuri na vibaki huko. Mwaka 2024 palikuwa na pendekezo la kuutoza mkate asilimia 16. Liliondolewa tarehe 18 Juni baada ya kilio cha wananchi, lakini wiki moja baadaye vijana walioandamana kuupinga mswada walikuwa wamekufa katika barabara za Nairobi, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada wote. Familia zilizozika wana wao hazipaswi kuliona pendekezo hilo tena mbele ya Bunge. Na ile tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, ikiwa lazima ibaki ili kuzuia walaghai, basi mapato yake yote yarudishwe kwa kaya maskini kupitia Inua Jamii.

Tano, mruhusuni asiye na mshahara alipe bima ya afya kwa mwezi, au kwa wiki, bila kukopa na bila kupoteza haki ya kutibiwa, na asiye na uwezo kabisa alipiwe na serikali kama sheria ilivyoahidi.

Katika haya matano hakuna jambo geni kwa Katiba mliyoapa kuilinda. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaiagiza serikali kuwapa hifadhi hiyo watu wasioweza kujikimu wao wenyewe na wanaowategemea. Kifungu cha 201 kinasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Havisemi kwamba haki hizo ni za wenye hati ya mshahara kwanza.

Kwa hiyo mtakapokaa kuupitia Mswada wa Fedha ujao, tunawaomba mfanye jambo moja kabla ya kupiga kura. Mbele ya kila kipengele kinachoongeza kodi, ofisi yenu ya bajeti iandike kwa shilingi kaya inayoishi kwa mapato ya kutwa italipa kiasi gani zaidi kwa mwezi, na mbele ya kila kipengele kinachotoa nafuu, iandike kaya hiyo itapata kiasi gani. Chapisheni hesabu hizo kwa Kiswahili, zibandikwe katika ofisi za machifu na masokoni, na kila mmoja wenu aweke jina lake chini ya kura aliyoipiga. Nasi tutazisoma, tutazilinganisha na bei za madukani mwetu, na tutawajibu kwa haki: kwa shukrani pale mlipotutendea wema, na kwa kura zetu pale mlipotusahau.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mwenye duka, Kisauni, Mombasa